Kalamu za wino zenye majina ya wabunifu wa mavazi (Cardin, YSL, Dior, Cartier na wenzao): wakusanyaji tukutane hapa

Kidau_Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Uzi wa Parker na Sheaffer upo, umejaa, na wenyewe wanajuana. Huu ni wa wale wanaochekwa kwenye ule uzi, yaani sisi tunaokusanya kalamu za wino za zamani zilizouzwa kwa majina ya watu wa mitindo: Pierre Cardin, Yves Saint Laurent, Christian Dior, Givenchy, Nina Ricci, Lanvin, pamoja na jirani zao wa vito na viberiti, Cartier na Dunhill. Nyingi zinazopita mikononi mwetu ni za miaka ya 1970 hadi 1990 na ushee.

Niseme msimamo wangu mapema tusipotezeane muda. Jina lililo kwenye klipu halikutengeneza kalamu. Hakuna mshonaji wa Paris aliyekaa akachonga nibu (ile ncha ya chuma ya kuandikia). Alichouza ni ruhusa ya kutumia jina lake, kiwanda fulani cha Ufaransa, Ujerumani au kwingine kikafanya kazi, yeye akachukua asilimia. Kwa hiyo kalamu hizi husomwa kuanzia chini kwenda juu. Anza na nibu, fuata mwili, kisha kifuniko, jina liwe la mwisho. Ukianza na jina, muuzaji ameshakujua wewe ni nani.

Ilikuwaje hata mbunifu wa magauni akauza kalamu? Rudini mwaka 1950, Bic wanaleta ile Cristal yao, bolpeni ya bei ya kutupa. Karani, mwalimu na mwanafunzi wote wakahamia huko. Kalamu ya wino ikakosa kazi, lakini haikufa. Ilitoka mezani kwa karani ikaingia kwenye boksi la zawadi lenye kitambaa cha velveti, na mtu anayetoa zawadi anataka jina ambalo mpokeaji atalitambua kabla hajafungua kifuniko. Hapo ndipo watu wa mitindo walipopata mlango.

Mchezo wenyewe walikuwa wameshaujua. Dior, mwishoni mwa miaka ya 1940, alipotakiwa auze jina lake Marekani kwa soksi ndefu za kike, alikataa malipo ya mkupuo akadai asilimia ya mauzo. Cardin akaja kulifanya jambo hilo kuwa dini. Kwenye kilele chake alikuwa na leseni zinazotajwa kufika 800, kuanzia shati hadi kikaango. Alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 98, na jina lake bado linabandikwa kwenye bidhaa mpya kila siku. Ndiyo maana ukiniambia "nimepata Pierre Cardin" hujaniambia kitu. Ya lini? Ya wapi? Nibu gani?

Sasa Tanga tunazipata wapi. Si madukani. Pesa ya mkonge ya zamani ilituachia Parker na Sheaffer, maana enzi hizo ndizo walizotembea nazo mameneja na wahasibu. Hizi za mitindo zilikuja baadaye: zawadi za safari ya Ulaya, duka la uwanja wa ndege, mgeni wa kampuni anayemwachia mwenyeji kiboksi, halafu enzi za Mzee Ruksa milango ilipofunguka. Nyingi hazikuwahi kutiwa wino, zilikaa kabatini kama vyombo vya wageni. Leo wajukuu wanasafisha nyumba Chumbageni na Raskazoni, kiboksi kinatoka pamoja na saa mbovu na tai, kinaishia kwa wauza vitu vya mkononi.

Namna ninavyoikagua nikiishika:

Navua kifuniko kabla ya kusoma chochote. Nibu ikiwa na 585 ni dhahabu ya karati 14, 750 ni karati 18. Kalamu ya Ufaransa yenye dhahabu ya karati 18 natafuta pia kichwa cha tai, kidogo mno, lenzi ya fundi saa inahusika. Isipokuwa na namba naihesabu chuma kilichopakwa mpaka ithibitike vinginevyo. Sumaku inasaidia nusu: ikivutwa si dhahabu, isipovutwa bado hujajua, kwa sababu kuna chuma cha pua kisichoshikwa na sumaku. Na ukikuta maneno "Iridium Point Germany" usibabaike na hiyo Ujerumani. Ni nibu za chuma za kawaida zilizotapakaa dunia nzima, na nyingi hazijawahi kuiona Ujerumani.

Chuma si aibu lakini. Nibu nzuri ya chuma, meno yake yamekaa sawa, inaandika kuishinda dhahabu iliyopindwa na mtoto wa shule. Heidelberg kuna kampuni inaitwa Bock, tangu 1939, na kazi yake ni kuwatengenezea nibu wenye majina. Watu wanalipia jina la juu wakati raha yote wanaipata kwa fundi wa chini ambaye hawamjui.

Karibuni, tupieni picha.

Mgosi_wa_Mombo

Nimeweka kigoda hapa mgosi. Shusha nondo.

Bik_Tu

Mkuu bila kukukwaza, kwa pesa hiyohiyo si uchukue Parker 51 ulale usingizi? Ile ni mashine, imetoka 1941 na hadi leo zinaandika. Hizi za kwako ni kalamu za kuning'iniza mfukoni harusini. Hata ile uzi wa kwetu tunaziita mapambo.

Kidau_Ngamiani

Bik_Tu, Parker 51 ninayo na sina ugomvi nayo. Ila kila kitu cha 51 kimeshaandikwa, namba, rangi, kofia, mwaka, hadi bei unaambiwa na mtoto. Hizi za mitindo hazina daftari. Mwenye leseni alibadilika, kiwanda kikabadilika, orodha hazikutunzwa, kwa hiyo ukimshika mwenzio mwenye ileile mnaanza kulinganisha wenyewe kama wapelelezi. Mimi raha yangu iko hapo.

Na harusini huvai kalamu, unavaa koti. Usichanganye mambo.

Binti_wa_Raskazoni

Habari zenu. Mimi si mkusanyaji, nimeletwa huku na utafutaji. Babu yangu (Mungu amrehemu) ameacha kalamu ya wino nyembamba, rangi nyekundu iliyoiva yenye mng'ao, klipu ya dhahabu, ina herufi YSL zilizopandana. Alikuwa mhasibu kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza, akastaafu. Nimeipeleka kwa sonara mmoja mjini, ameipima kwa macho akaniambia atanipa elfu thelathini kwa sababu "ina dhahabu kidogo". Niiuze?

Kidau_Ngamiani

Pole kwa msiba dada. USIUZE. Kwanza fanya haya, yote hapo nyumbani:

Vua kifuniko kwa kuvuta moja kwa moja, usizungushe kwa nguvu, nyingi za aina hiyo ni za kubana. Nibu ifute kwa kitambaa laini chenye maji ya kawaida. Washa tochi ya simu, uipige nibu kwa ubavu, utuambie namba zote na alama zote hata kama hazieleweki. Kisha angalia ukingo wa kifuniko na chini ya klipu kuna maandishi gani.

Na uelewe hesabu ya sonara. Yeye ananunua dhahabu ya kuyeyusha. Nibu ndogo kama hiyo kwa kawaida haifiki hata gramu moja. Klipu na pete ukikuta "plaqué or" ni za kupakwa, kwake hazina kitu. Kwa hiyo kwa biashara yake huenda hajakudhulumu, ila hajanunua kalamu, amenunua kipande cha madini. Akishaing'oa nibu, kilichobaki ni bomba.

Fundi_Saa_Barabara_ya_Tano

Mleta uzi umenigusa, maana zikivunjika zinakuja kwangu. Mimi ni fundi saa, kalamu ni kazi ya pembeni, lakini kwa hapa Tanga wengine hakuna, kwa hiyo nimezifungua za kutosha. Niongeze ambayo hamtaambiwa na muuzaji.

Kalamu hizi nyingi mwili wake ni shaba nyeupe au shaba ya njano, juu yake rangi ya laki (vanishi ngumu inayong'aa) au mpako wa dhahabu. Rangi ikiwa nzima, shaba inakaa miaka. Tatizo letu ni bahari. Hewa ya chumvi na jasho la mkono vinaingilia pale rangi ilipochubuka, hasa pembeni mwa pete na chini kabisa ya mwili, shaba inaanza kutoa unga wa kijani na rangi inainuka kama ngozi ya kidonda. Ukiona kivimbe kidogo kwenye laki, ogopa. Hicho hakirudishwi kwa bei ya mtu wa kawaida.

Ugonjwa wa pili hauonekani kwa macho. Ndani ya kifuniko kuna kikombe cha plastiki kinachoziba nibu isikauke. Miaka arobaini ndani ya kabati la Tanga, plastiki inakauka inapata ufa. Hapo kalamu inaonekana nzima, nibu nzuri, lakini ukiiacha usiku asubuhi haiandiki. Watu wanailaumu nibu, wanaanza kuipinda kwa kucha. Jaribio ni jepesi: nyonya hewa kutoka kwenye kifuniko kwa mdomo, kikiushika ulimi ni kizima, kikipitisha hewa kimepasuka. (Kioshe kwanza tafadhali, hujui kilikuwa mfuko wa nani.)

Tatu, wino. Nimeletewa Dior ya kike, nzuri, imekaushiwa wino mweusi wa kuchorea, ule wa India wa chupa ndogo wa wachora ramani. Ule una gundi ya laki ndani yake, ukikauka kwenye mfereji wa nibu ni saruji. Tumieni wino wa kalamu, Quink au wowote ulioandikwa kuwa ni wa kalamu ya wino, na anayewauzia wino wa kuchorea mwambieni hapana.

Kuosha ni maji ya baridi tu. Si ya moto, plastiki inapinda. Si spiriti. Loweka sehemu ya nibu kwenye glasi usiku kucha, asubuhi badilisha maji, rudia mpaka yatoke meupe. Ikikataa kabisa, tone la amonia kwenye glasi ya maji, muda mfupi, halafu suuza sana. Na jamani, Brasso kwenye mpako wa dhahabu ni kuondoa dhahabu. Mpako wenyewe unapimwa kwa maikroni, ukisugua Ijumaa mbili umefika kwenye shaba.

Bik_Tu

Hapo kwenye kunyonya kifuniko ndipo nilipoacha kusoma 😂

Mwana_Pangani

Swali kwa mleta uzi. Cartier na Dunhill umewaweka kundi moja na Cardin? Hilo ni tusi. Nina Must de Cartier ya marehemu mjomba, nzito, ina pete tatu za rangi tatu. Ile si ya kubandika jina.

Kidau_Ngamiani

Mwana_Pangani, tulia mjomba, nimesema jirani, sijasema ndugu. Tena hapo ndipo patamu.

Cartier wenyewe waliingia huku kupitia leseni. Robert Hocq alikuwa mtu wa viberiti vya Silver Match, akapata ruhusa ya kutengeneza kiberiti kwa jina la Cartier mwaka 1968. Biashara ikamnogea hadi akawa miongoni mwa waliokuja kuinunua kampuni, na Les Must ikazaliwa 1973, vitu vya Cartier kwa mtu asiyeweza kununua almasi. Kalamu zikafuata miaka ileile ya 1970. Hizo pete tatu ulizonazo zinatokana na pete ya Trinity ya mwaka 1924. Tofauti na Cardin ni kwamba Cartier waliishika kamba wenyewe, hawakuigawa kwa kila mwenye kiwanda. Zina namba ya utambulisho iliyochongwa, itafute kwenye chuma.

Dunhill ndiye baba lao. Mwaka 1930 walifunga mkataba na Namiki wa Japani (leo Pilot), zikatoka kalamu za Dunhill Namiki zenye picha za maki-e, laki na vumbi la dhahabu lililowekwa kwa mkono tabaka kwa tabaka. Zile mnadani Ulaya zinakwenda kwa bei ya nyumba. Halafu 1977 Dunhill wakaingia Montblanc kwa hisa nyingi. Leo Cartier, Dunhill na Montblanc wote wako chini ya paa moja, kampuni ya Richemont ya Uswisi.

Kwa hiyo hata Dunhill mwenye heshima zake zote, kalamu yake bora kuliko zote ilichorwa na mikono ya Kijapani isiyo na jina lake kwenye bango. Mimi simtukani mtu, nasema tu nani alishika brashi.

Mwana_Pangani

Nimeiona namba. Ipo kwenye ukingo wa kifuniko, nilidhani ni mikwaruzo. Umesamehewa.

Mama_Stesheni

Nina duka la vifaa vya ofisi. Naomba nilinde biashara yangu kidogo. Zile seti za Pierre Cardin mnazoziona madukani sasa, kalamu mbili kwenye boksi jeusi, nyingi si za zamani na si feki pia. Zinatengenezwa India na kampuni ya Flair kwa leseni halali. Ni kalamu nzuri za kumpa mwalimu mkuu. Shida ni vijana wanaozinunua kwangu, wanazikwaruza kidogo kwenye sakafu, wanatupa boksi, wanakwenda kuziuza mtandaoni "vintage 1970s". Mmoja nilimkuta katumia picha yenye rafu yangu nyuma!

Mgosi_wa_Mombo

Mama umemaliza. Picha ya rafu 😂😂 Kumbe wagosi tunaingizwa mjini na watu wa mjini kwetu.

Mleta uzi, kwa Cartier feki tunazijuaje? Kuna jamaa wa Korogwe ananiuzia moja.

Kidau_Ngamiani

Cartier feki ni nyingi mno, kwa hiyo anza na shaka. Jamaa akutumie picha ya nibu kwa karibu, namba kwa karibu, na ndani ya kifuniko. Ya kweli ina uzito uliokaa mwilini mzima. Feki nyingi unakuta uzito uko kifuniko tu, mwili mwepesi kama mrija. Maandishi ya kuchongwa yana kina na kingo kali, ya feki yamekaa juujuu kama yamechomwa. Kifuniko kinafunga kwa mlio mmoja mfupi bila kuchezacheza. Na kama nibu ina "Iridium Point Germany" huku klipu inasema Cartier, mshukuru, mwage chai, ondoka.

Bei za huku sitaji kwa jumla, kila kalamu na kesi yake. Kanuni yangu: ya chuma isiyo na boksi nailipa kama kalamu nzuri ya kuandikia, sitoi hata senti kwa ajili ya jina. Jina nalilipia pale tu ambapo mwili umetengenezwa kwa kazi inayoonekana, laki halisi, madini ya fedha ya 925, nibu ya dhahabu.

Karani_Mstaafu

Wanangu, nawasoma kimyakimya. Zamani ofisini kwetu bosi alikuwa na hizo, na sisi tulikuwa na kidau na kalamu ya serikali. Alikuwa anasaini kwa ile ya zawadi pale tu wageni wakiwepo. Wakiondoka anaomba bik yangu.

Kidau_Ngamiani

Shikamoo mzee. Ndiyo maana zinatufikia zikiwa mpya 😂

Binti_wa_Raskazoni

Nimerudi. Nimetumia tochi na lenzi ya mjomba anayekusanya stempu. Kwenye nibu: 18K, halafu 750, halafu pembeni kuna alama ndogo sana kama kichwa cha ndege anayetazama upande. Kwenye ukingo wa kifuniko: Made in France. Hakuna kivimbe kwenye rangi. Kifuniko nimekinyonya (nimekiosha kwanza!) kinashika ulimi. Mwilini ndani kuna kichupa kifupi cha plastiki tupu, kimekauka, hakijatobolewa.

Fundi_Saa_Barabara_ya_Tano

Kichupa hakijatobolewa? Basi hiyo haijawahi kunywa wino tangu itoke kiwandani. Usiilowanishe kwa fujo, na hicho kichupa usikitupe, kinakwambia saizi ya katriji yake (kichupa cha wino cha kuchomeka).

Kidau_Ngamiani

Dada, huyo ndege ni tai wa Ufaransa. Karati 18, haijaguswa, laki nzima. Kumbe babu alijua anachokitunza. Sonara alitaka kukupa elfu thelathini ya kuvunja kitu ambacho hakijaanza kazi.

Pima hicho kichupa. Kikiwa takriban milimita 38 ni katriji fupi ya kawaida ya Ulaya, zinapatikana, hata Mama_Stesheni anaweza kuwa nazo. Usijaribu kulazimisha za Parker, Sheaffer wala Cross, hao kila mmoja ana mdomo wake na utapasua shingo. Na kwa kuwa mwili ni mwembamba, usinunue konvata (kifaa cha kunyonyea wino wa chupa) kabla hujaijaribu, nyingi hazitaingia.

Mama_Stesheni

Ninazo, bluu na nyeusi, pakiti ya sita. Njoo na kalamu yenyewe tujaribishe, usinunue kwa kukisia.

Bik_Tu

Dada, nakupa laki mbili cash, leo hii. Nakufuata hapohapo Raskazoni.

Kidau_Ngamiani

Wewe si ulisema mapambo?

Bik_Tu

Nimesema za harusini. Hii ni ya mhasibu.

Binti_wa_Raskazoni

Siuzi kaka, asante. Imetoka milimita 38 kasoro kidogo. Mama_Stesheni, kesho mnafungua saa ngapi?

Mama_Stesheni

Saa mbili asubuhi. Swala ya Ijumaa tunafunga, kwa hiyo wahi.